Nani gadi mfungaji bora wa wakati wote? Kabla ya kujibu, taja kipimo chako

Naanza kwa kukiri kosa. Mwezi uliopita nilishinda ubishi kwa njia ambayo, kama ingetumiwa na mwanafunzi ninayemsaidia kwenye vipindi vya takwimu, ningemrudishia ripoti yake yote aanze upya.

Ubishi wenyewe ni ule wa kila siku kwenye kibanda cha chai nyuma ya hosteli yetu: nani gadi mfungaji bora kuwahi kutokea kwenye mpira wa kikapu? Kwa msomaji asiyefuatilia mchezo huu, gadi mfungaji ndiye yule wachezaji wanayemwita namba mbili. Namba moja hupanga mchezo. Namba mbili kazi yake ya kwanza ni kufunga, ama kwa kutupa kutoka mbali au kwa kupenya mpaka chini ya kikapu, na sekunde za mwisho zikifika mara nyingi mpira huishia mikononi mwake. Kwenye ligi ya Marekani, NBA, majina yanayotajwa katika nafasi hii karibu hayabadiliki: Michael Jordan, Kobe Bryant, Jerry West, Dwyane Wade na James Harden. Nyuma yao wanakuja kina Allen Iverson, George Gervin, Clyde Drexler, Ray Allen, Reggie Miller na Manu Ginóbili.

Mimi ni mtu wa Kobe, sifichi. Nilikua naiona jezi ya njano namba 24 mgongoni mwa kaka yangu, aliyoipata mtumbani, na alipoiacha nikaivaa mimi mpaka namba ikabanduka. Rafiki yangu anayesoma uhandisi ni mtu wa Jordan, kama baba yake. Jioni ile nilimtolea namba moja tu, akanyamaza, watu wakacheka, nami nikamalizia chai yangu kwa raha zangu. Namba ilikuwa ya kweli kabisa. Kosa lilikuwa namna nilivyoipata.

Misimu mitatu, washindi watatu

Twende hatua kwa hatua, kwa sababu hapa ndipo penye somo.

Tuchukue misimu mitatu ambayo magadi wafungaji walifunga kuliko kawaida. Jordan akiwa na Chicago Bulls msimu wa 1986–87 alikuwa na wastani wa pointi 37.1 kwa mechi. Kobe na Los Angeles Lakers msimu wa 2005–06, ule aliofunga pointi 81 katika mechi moja dhidi ya Toronto, alikuwa na 35.4. Harden na Houston Rockets msimu wa 2018–19 alikuwa na 36.1. Kila mmoja aliongoza ligi nzima kwa ufungaji mwaka wake.

Ukiziangalia namba hizi kama zilivyo, Jordan wa kwanza, Harden wa pili, Kobe wa tatu. Mimi nilipofika hapo sikupenda jibu, nikaendelea.

Nikajiuliza: je, pointi 37 za mwaka 1987 zina thamani sawa na pointi 35 za mwaka 2006? Swali hili ni halali. Msimu wa Jordan, timu ya kawaida ya NBA ilifunga pointi 109.9 kwa mechi. Msimu wa Kobe ilifunga 97.0 tu, maana mchezo ulikuwa umepoa, timu zinatumia muda mwingi kabla ya kutupa na ulinzi umebana. Msimu wa Harden ilikuwa 111.2. Ni kama bei za vitu: huwezi kulinganisha shilingi elfu moja ya leo na elfu moja ya miaka 20 iliyopita bila kuangalia kwanza ilikuwa inanunua nini. Basi nikagawanya pointi za kila mmoja kwa wastani wa timu moja ya wakati wake:

– Kobe: asilimia 36.5
– Jordan: asilimia 33.8
– Harden: asilimia 32.5

Yaani Kobe peke yake alifunga zaidi ya theluthi ya kile ambacho timu nzima ya kawaida ilikuwa inafunga. Hii ndiyo namba niliyoipeleka kibandani. Nilifunga kompyuta, nikatoka.

Kosa ni hapo hapo, kwenye kufunga kompyuta. Kwa nini nilisimama? Kwa sababu nilipata nilichokuwa nakitafuta. Ningeendelea dakika kumi tu ningekutana na swali jingine, halali vilevile: walikaa uwanjani muda gani? Kobe alicheza dakika 41.0 kwa mechi, Jordan 40.0, Harden 36.8. Aliyekaa uwanjani muda mrefu ana nafasi nyingi zaidi za kufunga. Ukitafuta kila mmoja angefunga pointi ngapi katika dakika 36, kipimo kinachotumika sana, picha inageuka tena:

– Harden: 35.4
– Jordan: 33.4
– Kobe: 31.1

Kobe kutoka wa kwanza hadi wa mwisho, na sijabadilisha hata mechi moja. Tuongeze kipimo cha nne, cha ufanisi: kwa kila nafasi ya kufunga aliyoitumia, ukijumlisha mitupo ya kawaida, ya pointi tatu na mitupo huru, mchezaji alivuna kiasi gani? Harden anapata asilimia 61.6, Jordan 56.2, Kobe 55.9.

Vipimo vinne, vyote vya kweli, vyote vina mantiki, na kila mmoja wa hawa watatu anaongoza angalau kimoja. Waswahili walishasema kwamba mwamba ngoma huvutia kwake. Kwenye takwimu ugonjwa huo tunaujua vizuri: mtafiti anapima kwa njia hii, akikosa anapima kwa njia ile, akipata anachotaka anaandika ile moja tu, na zile nyingine hazitaji. Hajadanganya namba yoyote. Amedanganya kuhusu safari yake.

Kabla hatujaondoka kwenye misimu hii mitatu, kuna jambo jingine ambalo watu wa listi hawapendi kulisema. Hakuna hata mmoja kati ya watatu hawa aliyepata tuzo ya mchezaji bora wa ligi mwaka huo. Zilikwenda kwa Magic Johnson, Steve Nash na Giannis Antetokounmpo. Na hakuna timu yao iliyovuka raundi ya pili ya mtoano. Bulls walitolewa na Boston 3–0 raundi ya kwanza, Lakers wakatolewa na Phoenix wakati walishaongoza 3–1, Rockets wakatolewa na Golden State raundi ya pili. Hapo ndipo mwenye kibanda, ambaye hucheka tu muda wote, alipouliza: "Sasa kama hawakuchukua kombe, ubora wao ni upi?"

Swali zuri, na linatupeleka kwenye pete.

Pete zinahesabu nini hasa

Bingwa wa NBA hupewa pete, na hesabu ya pete ndiyo silaha nyepesi kuliko zote kwenye ubishi huu. Jordan 6, Kobe 5, Wade 3, West 1, Harden mpaka 2025 hana. Kesi imekwisha?

Ngoja kwanza. Kama pete ndizo kipimo, basi gadi mfungaji bora wa wakati wote ni Sam Jones wa Boston Celtics. Ana 10. Kati ya 1957 na 1969 alicheza misimu 12, na misimu 10 akamaliza akiwa bingwa. Alikuwa mchezaji hodari kweli, mtu wa kuaminika mechi ikiwa ngumu, mwenye wastani wa pointi 17.7 kwa mechi. Lakini sijawahi kukutana na mtu anayemweka juu ya Jordan. Maana yake ni kwamba hata wanaosema "pete tu" hawaamini pete tu. Wanaitumia pale inapomsaidia mtu wao, na ikifika kwa Sam Jones wanakumbuka ghafla kwamba aliyekuwa katikati ya uwanja pale Boston ni Bill Russell.

Na wako sahihi kukumbuka. Pete ni matokeo ya timu. Uwanjani wapo watu watano, benchi lina wengine, kuna kocha, kuna majeruhi, kuna bahati. Kuna pia idadi ya washindani: Sam Jones alipoanza, NBA ilikuwa na timu 8. Jordan alipochukua ubingwa wa kwanza mwaka 1991 zilikuwa 27. Leo ni 30. Kama ubingwa ungetolewa kwa kura ya bahati nasibu, timu moja kati ya 8 ingekuwa na nafasi ya asilimia 12.5, na moja kati ya 30 ina asilimia 3.3. Pete ya 1958 na pete ya leo hazina uzito mmoja, ingawa zote zinang'aa.

Anayeonyesha udhaifu wa kipimo hiki kuliko wote ni Jerry West. Alifika fainali mara 9 akiwa na Lakers. Alipoteza 8. Katika hizo, 6 alifungwa na Boston ile ile ya Russell na Sam Jones. Mwaka 1969 fainali ilifika mechi ya saba, West akafunga pointi 42, akachukua ribaundi 13 na kutoa pasi 12 za vikapu, na Lakers wakafungwa 108–106. Akapewa tuzo ya mchezaji bora wa fainali akiwa upande ulioshindwa, na mpaka leo hakuna mwingine aliyeipata hivyo. Kwa hesabu ya pete, usiku ule ni sifuri, sawa na aliyekaa nyumbani.

Sisemi pete zitupwe. Kushinda ndiyo kusudi la mchezo, na mtu aliyekuwa nguzo ya mabingwa sita, akachaguliwa mchezaji bora wa fainali mara zote sita kama Jordan, ametuambia kitu. Ninachosema ni kwamba pete ni kipimo chenye kelele nyingi ndani yake, na kipimo chenye kelele hakifai kupewa uamuzi peke yake.

Rula ambayo haikuwepo

Tatizo la tatu ni gumu zaidi, kwa sababu halimalizwi kwa hesabu. Vitu vingine havikupimwa kabisa.

West alicheza kuanzia 1960 hadi 1974. Mstari wa pointi tatu uliingia NBA msimu wa 1979–80. Kwa hiyo kila mtupo wake wa mbali, na alikuwa na mingi, ulihesabiwa pointi mbili. Mipira aliyopora haikuandikwa rasmi mpaka msimu wa 1973–74, ambao ndio ulikuwa wa mwisho kwake. Hata tuzo ya kikosi bora cha ulinzi ilianza 1968–69, wakati ana misimu minane nyuma yake. Mtu akikuwekea jedwali la West na Harden, safu za West zimejaa matundu, na jicho la haraka linayasoma matundu yale kama sifuri. Sisi tunaofanya kazi na data tunalijua kosa hili: taarifa inayokosekana si taarifa ya sifuri. Kituo cha hali ya hewa ambacho hakikuandika mvua mwaka fulani hakituambii kwamba mwaka huo kulikuwa na ukame.

Angalia mstari huo ulivyobadilisha kazi yenyewe. Katika msimu wake wa pointi 37.1, Jordan alitupa mitupo ya pointi tatu 66 tu mwaka mzima, akafunga 12. Kobe mwaka 2005–06 alitupa 518, akafunga 180. Harden alitupa 1,028, akafunga 378. Hawa wote tunawaita magadi wafungaji, lakini kazi yao ya kila siku si moja.

Na hata mstari wenyewe haukutulia mahali pamoja. Kwa misimu mitatu, kuanzia 1994–95 hadi 1996–97, NBA iliusogeza karibu, ukawa mita 6.7 kutoka kwenye kikapu kuzunguka kote, badala ya mita 7.24 za sehemu kubwa ya mstari. Jordan msimu wa 1995–96 alifunga mitupo 111 kati ya 260, sawa na asilimia 42.7. Mstari uliporudishwa mbali msimu wa 1997–98, alifunga 30 kati ya 126, asilimia 23.8. Umri nao una mchango, alikuwa ana miaka 34 msimu ule ulipoanza, lakini nusu mita ile nayo ina lake. Mtu akikutajia asilimia ya pointi tatu ya Jordan bila kukwambia ni ya mwaka gani, amekupa urefu bila kukuambia kama ni futi au mita.

Kuna kundi litakalosema: achana na namba, tumia macho. Macho yana nafasi yake. Namba hazikuonyeshi kwamba mtu alitupa akiwa amezibwa na walinzi wawili. Lakini macho nayo yana kipimo chake cha siri, yaani umri wa mwenye macho. Rafiki yangu anaona Jordan kwa macho ya baba yake. Mimi naona Kobe kwa macho ya mtoto mwenye jezi ya kaka. West hatukumwona sisi wote wawili, na mechi zake nyingi hazina hata picha kamili. Macho yetu hayawezi kumtetea mtu ambaye hayakumwona.

Duara

Sasa tufike pale ninapopapenda. Tuseme tumekubaliana kuwa waungwana. Tunachagua vipimo vitatu kabla ya kuangalia namba: ubingwa, wastani wa pointi kwa mechi katika maisha yote ya NBA, na idadi ya mechi za ligi alizocheza, ambayo inaonyesha kudumu. Anayemshinda mwenzake kwenye vipimo viwili kati ya vitatu, ndiye bora. Ni sheria ya kidemokrasia kabisa.

Tujaribu kwa Wade, West na Harden.

– Ubingwa: Wade 3, West 1, Harden 0.
– Wastani wa pointi: West 27.0, Harden kama 24, Wade 22.0.
– Mechi: Harden zaidi ya 1,100, Wade 1,054, West 932.

Wade dhidi ya West: Wade anashinda kwenye ubingwa na mechi. Wade bora.
West dhidi ya Harden: West anashinda kwenye ubingwa na wastani. West bora.
Basi Wade lazima awe bora kuliko Harden, sivyo? Angalia: Harden anamshinda Wade kwenye wastani na kwenye mechi. Harden bora kuliko Wade.

Wade anamzidi West, West anamzidi Harden, Harden anamzidi Wade. Tumezunguka duara. Hakuna wa tatu, wa nne wala wa tano. Rudia hesabu mwenyewe kwenye karatasi, namba ni hizo hizo.

Hili halikutokana na uzembe wetu. Mfaransa Condorcet aliliona mwaka 1785 akichunguza kura: kundi la watu wenye akili timamu, kila mmoja akiwa na mpangilio ulionyooka, wanaweza kwa pamoja kutoa mpangilio unaozunguka. Mwaka 1951 mchumi Kenneth Arrow alikwenda mbali zaidi. Alithibitisha kwa hisabati kwamba ukiwa na vitu vitatu au zaidi vya kupanga, hakuna njia ya kuunganisha mipangilio ya watu mbalimbali kuwa mpangilio mmoja inayoweza kutimiza kwa pamoja masharti machache ambayo sote tungeyaita ya haki, isipokuwa mtu mmoja awe dikteta na mpangilio wake ndio uwe wa wote. Badala ya wapiga kura weka vipimo, na tatizo linabaki lile lile.

Mtu atasema: basi tutoe alama, kila kipimo kipewe uzito, tujumlishe. Sawa, duara litaondoka. Lakini uzito nani anautoa? Ukiupa ubingwa asilimia 60, Wade anapanda. Ukiupa wastani asilimia 60, West anapanda. Uzito ule ni maoni yako yaliyovaa suti ya hisabati. Ndiyo maana listi zenye alama zenye desimali mbili hunifanya nishike mfuko wangu: desimali zinapendekeza uhakika ambao haupo.

Kwa hiyo tusipange?

Tupange. Mimi sikubaliani na wale wanaosema kila kitu ni maoni, tuyaache. Duara lile lilitokea kwa watu watatu tu. Chukua sheria hiyo hiyo, vipimo vile vile vitatu, umlete Kobe: ubingwa 5, wastani 25.0, mechi 1,346. Anamshinda Wade kwenye vyote vitatu. Anamshinda Harden kwenye vyote vitatu. Anamshinda West kwenye viwili. Halafu mlete Jordan: ubingwa 6, wastani 30.1, mechi 1,072. Anamshinda Kobe kwenye viwili, Harden viwili, Wade vyote, West vyote. Hapo hakuna duara. Jordan juu, Kobe chini yake, kisha kundi la watu watatu wanaozungukana.

Rudi pia kwenye ile misimu mitatu ya mwanzo. Jordan aliongoza kipimo kimoja kati ya vinne. Lakini kwenye vile vitatu alivyokosa, alikuwa wa pili vyote. Kobe na Harden kila mmoja ana mahali anapoangukia mkiani. Hii ndiyo maana ya ukubwa ninayoweza kuitetea bila aibu: si kuwa wa kwanza kwenye kila rula, ni kutoanguka rula ikibadilishwa. Wapo wanaompita Jordan kwenye hiki au kile. Kobe amefunga pointi nyingi zaidi kwa jumla, 33,643 kwa 32,292. Sam Jones ana pete nyingi zaidi. Ray Allen amefunga pointi tatu 2,973, Jordan hamkaribii. Ila kila anayempita mahali pamoja anaachwa mbali mahali pengine, na bado hatujagusa ulinzi, ambako mwaka 1988 Jordan alikuwa mlinzi bora wa ligi, mchezaji bora wa ligi na mfungaji bora, vyote msimu mmoja.

Kwa hiyo ombi langu kwa waandishi wa listi, na kwa wabishi wa vibandani, ni mambo matatu. Taja vipimo vyako kabla hujafungua jedwali. Onyesha vyote ulivyojaribu, hata vile vilivyokuumiza. Kisha badilisha uzito kidogo uone nani anahama. Wanaohama waandike kama kundi, bila namba. NBA yenyewe ilipotoa orodha ya wachezaji 50 bora mwaka 1996, na ile ya miaka 75 mwaka 2021, haikuwapanga kwa nafasi. Hiyo ya 2021 ilipaswa kuwa na 75, kura zikafungana, wakatoka 76. Nimeshasikia watu wakiwacheka kwa hilo. Mimi naona ni mojawapo ya orodha za kweli kuliko nyingi: ilipofika mahali isipoweza kutofautisha, haikujifanya kutofautisha.

Na jambo hili haliishii uwanjani. Vyuo vinapangwa kwa alama zenye uzito, waombaji wa ufadhili vilevile, na wengi wetu tunaosoma hapa tumeshapokea barua iliyosema tulikuwa chini ya mstari. Mara nyingine mstari ule ulikuwa Jordan na wengine. Mara nyingine ulikuwa Wade, West na Harden, na mtu mmoja ofisini akaamua uzito.

Wiki iliyopita nilirudi kibandani na karatasi yenye vipimo vyote vinne, nikampa rafiki yangu wa uhandisi. Nikamwambia ile asilimia 36.5 ilikuwa ya kweli ila nilimficha tatu nyingine. Akaisoma taratibu, akafika kwenye hesabu ya Kobe kuwa wa pili bila duara, akaniuliza kwa nini sikuanza na hii. Sikuwa na jibu zuri. Nadhani niliogopa kwamba bila kumvutia ngozi Kobe angeanguka. Hakuanguka. Alisimama wa pili kwa miguu yake mwenyewe, hakuhitaji nimwibie.

Chai ya siku hiyo nililipa mimi.